Nani Amebadilisha Mpango wa Umeme? Somo kwa Wanaotazama na Kuonyesha Video kwa Kompyuta Mpakato



Katika toleo hili tunafundisha jambo dogo la ufundi ambalo huweza kuzaa ugomvi usiolingana na udogo wake. Kompyuta mpakato inachezesha video. Baada ya dakika chache mwangaza unashuka, picha zinaanza kukwama, au kioo kinazimika kabisa. Mwenyewe anaingia katika mipangilio, anachagua mpango wa umeme anaoutaka, anaendelea kutazama, na muda si mrefu anakuta mpango huo umeondolewa na mwingine umewekwa mahali pake. Mtu aliye nyumbani kwake huiona kuwa kero tu. Mtu aliyeinunua kompyuta hiyo kwa fedha ya mwaka mzima, kutoka kwa muuzaji aliye ng'ambo ya mpaka, huiona kuwa ni wizi.

Tuchukue mfano. Mkazi wa Uvira amevuka Kavimvira na Gatumba, ameingia Bujumbura, amenunua kompyuta iliyokwisha kutumika katika duka moja la Buyenzi, na amerudi nayo kwao kuitumia katika banda lake la video. Wiki moja baadaye yuko tena mlangoni kwa muuzaji. "Ndugu yangu, mashine uliyoniuzia ina jini." Muuzaji anajibu kwamba ilitoka dukani ikiwa nzima, na kama ina jini basi jini hilo limepanda upande wa pili. Majirani wanakusanyika, mmoja anataja polisi, mwingine anataja uraia wa mwenzake, na hapo jambo la betri limekwisha kuwa jambo la mataifa mawili. Kila mmoja ana hakika yake na hakuna aliye na ushahidi. Kumbe ushahidi upo, tena umeandikwa kwa saa na dakika, ndani ya mashine yenyewe. Somo letu ni namna ya kuusoma.

Mpango wa umeme ni nini

Mfumo wa Windows huweka kanuni za matumizi ya umeme katika kifurushi kimoja kiitwacho mpango. Humo imeandikwa kioo kizimike baada ya dakika ngapi bila kuguswa, kompyuta ilale lini, prosesa iende kwa kasi gani, na video ichezwe kwa kuthamini ubora wa picha au kwa kubana betri. Kompyuta nyingi za Bujumbura zimewekwa katika Kifaransa, kwa hiyo mipango hiyo utaikuta ndani ya "Panneau de configuration", sehemu ya "Options d'alimentation". Mpango wa kawaida ni ule wa wastani, "Utilisation normale". Upo wa kasi kubwa, "Performances élevées", na upo wa kubana umeme. Katika kompyuta mpya zaidi huenda ukauona ule wa wastani peke yake. Usidhani mingine imeibwa, maana mashine hizo mara nyingi huundwa bila kuionyesha.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba kila mpango una safu mbili za kanuni: moja hutumika kompyuta ikiwa kwenye betri, nyingine ikiwa imechomekwa. Jina la mpango ni lile lile, lakini tabia ni mbili. Ukilishika hilo, nusu ya malalamiko ya watu utayaelewa kabla ya kugusa kitu chochote.

Kipimo cha kwanza

Kabla ya kuuliza nani amebadilisha mpango, hakikisha kwamba umebadilika kweli. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika cmd, kisha bonyeza Entrée. Katika dirisha jeusi litakalofunguka andika amri hii:

powercfg /getactivescheme

Wenye kibodi ya Kifaransa wakumbuke kwamba mkwaju hupatikana kwa kushikilia kitufe cha herufi kubwa na kubonyeza kile cha nuktambili. Kompyuta itajibu kwa kutaja jina la mpango unaotumika pamoja na namba yake ndefu ya utambulisho. Mpango wa wastani una namba inayoanza na 381b4222. Ule wa kasi kubwa huanza na 8c5e7fda. Ule wa kubana umeme huanza na a1841308. Majina yanaweza kubadilishwa na mtu yeyote, lakini namba za mipango hii mitatu ni zile zile katika kila kompyuta ya Windows, iwe imenunuliwa Bujumbura, Kigoma au Dubai. Kwa hiyo ziamini namba kuliko majina.

Iandike namba hiyo kwenye karatasi. Anzisha video. Mambo yakiharibika, rudia amri ile ile na ulinganishe. Namba ikiwa imebadilika, unayo kesi ya kweli ya mpango kubadilishwa. Namba ikiwa ile ile, mpango huo haukuondolewa na kuwekwa mwingine, na tatizo lako huenda liko kwingine.

Namba ikiwa ile ile

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chanzo cha kwanza cha kushukiwa ni plagi. Kompyuta iliyotumika miaka mingi huwa na tundu la chaja lililolegea. Meza ikitikisika, au spika kubwa ikinguruma juu ya ubao ule ule, chaja huachana na kompyuta kwa sekunde moja na kurudi. Kila mara kompyuta huhama kutoka safu ya umeme kwenda safu ya betri: mwangaza unashuka, kasi inapungua, kisha vyote vinapanda tena. Mtazamaji huapa kwamba mpango umebadilika, nao haukubadilika hata mara moja. Tazama alama ya betri pembeni chini ya kioo huku ukigusa waya kwa upole. Alama ya plagi ikipotea na kurudi, umepata jibu.

Umeme wenyewe nao hukatika. Mkaaji wa Bujumbura hahitaji kufundishwa juu ya mgawo wa umeme, na wa Uvira vilevile. Umeme wetu nao hauishii mpakani, kwa kuwa kituo cha Ruzizi II, kwa mfano, ni mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo. Umeme wa REGIDESO unapokatika hadi jenereta iwashwe, kompyuta hukaa kwenye betri na kufuata kanuni za betri. Umeme ukishuka nguvu bila kukatika, kwa kawaida chaja nzuri huvumilia, kwani nyingi zimeandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240. Lakini chaja za bei nafuu zinazouzwa bila jina, na inveta duni za gari, hazina uvumilivu huo.

Soma pia maandishi madogo yaliyo juu ya chaja. Zidisha volti kwa ampea upate wati. Chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 hutoa wati 65. Ya volti 19 na ampea 2.37 hutoa wati 45. Kompyuta inayohitaji wati 65 ikipewa chaja ya 45 inaweza kuonyesha kwamba imechomekwa, na bado ikajipunguzia kasi au ikaendelea kula betri taratibu, hasa wakati wa video, maana video ni kazi nzito. Katika mauzo ya kompyuta zilizotumika, chaja mara nyingi si ile iliyozaliwa na mashine. Hilo ni jambo la kuulizwa mbele ya duka, siku ya kununua.

Halafu upo ulinzi wa betri, "Économiseur de batterie". Kwa kawaida hujiwasha betri inapofika asilimia 20 na hushusha mwangaza. Mpango haubadiliki, ni kinga imewekwa juu yake. Kiwango hicho unaweza kukishusha au kuizima kinga hiyo katika mipangilio ya mfumo.

Mwangaza unaopanda na kushuka kwa kufuata picha, ukififia katika mandhari ya usiku na kurudi mchana unapoonekana, hauna uhusiano na mipango ya umeme. Hiyo ni kazi ya programu inayoendesha picha, ya Intel au ya AMD, ambayo hupunguza taa ya kioo ili kuokoa betri. Izime ndani ya programu hiyo, katika sehemu ya umeme au ya kioo.

Mwisho ni joto. Bujumbura iko chini, kando ya ziwa, na alasiri zake si za Gitega. Kompyuta iliyowekwa juu ya kitambaa au godoro huziba matundu yake ya hewa. Prosesa ikipata joto mno hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na video hukwama. Iweke juu ya ubao mtupu na umwombe fundi aondoe vumbi katika feni.

Namba ikibadilika

Sasa tuje kwenye kesi ya kweli. Windows huandika daftari la matukio, nalo huitwa "Observateur d'événements". Bonyeza kitufe cha Windows, andika jina hilo, fungua, kisha ingia "Journaux Windows" na baadaye "Système". Utaona maelfu ya mistari. Usiogope, wala usidhani kila alama nyekundu ni ugonjwa. Tafuta mistari ambayo chanzo chake ni UserModePowerService na namba ya tukio ni 12. Kila mstari wa namna hiyo hutaja programu iliyouweka mpango, kwa njia yake kamili ndani ya diski, na hutaja namba mbili: ya mpango uliokuwapo na ya mpango uliowekwa.

Mistari ambayo namba mbili hizo zinafanana, iache. Hiyo ni programu iliyouweka upya mpango ule ule, na kompyuta nyingi nzima zina mistari kama hiyo kila zinapowashwa. Unaoutafuta ni ule ambao namba ya kwanza si sawa na ya pili, na saa yake inalingana na ile dakika video ilipoharibika. Ukitaka kujaribu kama unaelewa, badilisha mpango mwenyewe kwa amri ya powercfg, kisha rudi kwenye daftari: utaikuta kazi yako imeandikwa humo, pamoja na jina la powercfg.

Katika daftari hilo hilo, matukio namba 105 kutoka chanzo cha Kernel-Power huonyesha kila mara kompyuta ilipohama kati ya betri na umeme. Mlolongo wa 105 kumi ndani ya dakika tano ni ushahidi wa plagi iliyolegea au umeme unaoyumba, na hapo unarudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Na mhusika huwa nani? Mara nyingi ni programu ya mtengenezaji wa kompyuta mwenyewe. Kuna Lenovo Vantage, kuna MyASUS, na kampuni nyingine zina za kwao. Hizi zina hali zao za utulivu, za wastani na za kasi, na baadhi huruhusiwa kuchagua zenyewe kulingana na kazi inayofanyika. Mtumiaji anachagua kule, programu inachagua huku, na kila mmoja anamfutia mwenzake. Dawa ni kuchagua bwana mmoja: ifungue programu hiyo na uzime uchaguzi wa kujiendesha, au uiondoe kabisa kama huna haja nayo. Wengine wanaoweza kutajwa ni zile programu zinazoahidi kuharakisha kompyuta au michezo. Hizo, kwa maoni yetu, hazifai kubaki.

Ukisha mwondoa mhusika, rudisha mpango wako na uanze upya kompyuta. Kisha, katika mipangilio ya juu ya mpango huo, angalia sehemu ya multimedia na uchague video ichezwe kwa kuthamini ubora, katika safu zote mbili. Katika Windows 10 na 11 uangalie pia "Lecture vidéo" ndani ya mipangilio ya programu, kwa kuwa pale nako kuna chaguo la kubana betri wakati wa kutazama.

Kuna hali moja ambayo sisi wa polisi tunaitazama kwa jicho la pili. Kompyuta huandika kwamba baadhi ya mipangilio inaongozwa na taasisi, machaguo yamefifia na hayabofyeki, na mpango hurudi kila inapowashwa. Huenda maana yake ni kwamba mashine bado imefungwa kwa kanuni za kampuni, shule au shirika. Si lazima iwe ya wizi. Kampuni nyingi huuza kompyuta zao za zamani kwa halali na fundi husahau kuzifuta. Lakini ukikuta hivyo dukani, omba karatasi zinazoonyesha mashine ilikotoka kabla ya kutoa fedha. Na muuzaji mwaminifu azitafute mapema, kwani zinamlinda yeye kwanza.

Jambo la kujihadhari: mtu atakapokuambia kwa simu kwamba tatizo hili ni virusi na kwamba yuko tayari kuingia katika kompyuta yako akiwa mbali ili alitengeneze, kataa. Kila kitu tulichoeleza hapa kimo ndani ya Windows, hakihitaji kupakuliwa wala kulipiwa. Programu ya kutengeneza mpango wa umeme inayopitishwa kwa flashi kutoka banda hadi banda inaweza kubeba kibaya kuliko kile ulichotaka kuponya.

Kioo kinapozimika katikati ya onyesho

Wanaoonyesha video mbele ya watu, ziwe za afya, za tahadhari juu ya usafirishaji haramu wa binadamu au za usalama barabarani, hupata taabu ya aina yake. Video inaendelea, sauti inasikika, lakini kioo kinazimika kwa sababu hakuna aliyegusa kibodi. Programu nzuri ya kuchezea video, kama VLC, huiomba Windows isizime kioo mradi filamu inaendelea. Unaweza kuona kama ombi hilo limetolewa. Fungua dirisha jeusi kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua "Exécuter en tant qu'administrateur", kisha, video ikiwa inacheza, andika:

powercfg /requests

Chini ya neno DISPLAY pawe na jina la programu yako ya video. Pasipokuwa na jina, kioo kitazimika muda wa mpango utakapotimia, na huna budi kutumia programu nyingine au kuongeza muda huo katika safu zote mbili. Fanya jaribio hili jioni iliyotangulia, ukiwa na projekta ile ile na waya ule ule. Watu waliotembea kutoka mbali kuja kusikia jinsi binti zao wanavyodanganywa kwa ahadi za kazi ughaibuni hawapaswi kuondoka wakizungumza juu ya kioo cheusi.

Mnunuzi na muuzaji wakiwa meza moja

Turudi Buyenzi kwa wale wawili. Kabla ya kupandisha sauti, waombe kiti na wafungue daftari pamoja. Kwanza wahakikishe saa na tarehe ya kompyuta ni sahihi, maana betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta husahau tarehe na daftari zima hupoteza maana. Kisha watazame tukio namba 12 la kwanza lenye namba mbili tofauti. Kama ni kabla ya siku ya mauzo, huenda mashine iliuzwa ikiwa na tabia hiyo na muuzaji anawajibika kueleza. Kama ni baada yake, watazame programu iliyotajwa iliwekwa lini. Daftari halina nafasi isiyo na mwisho. Kwa kawaida limepewa megabaiti 20, na likijaa mistari ya zamani hufutwa. Anayesubiri miezi mitatu ndipo alalamike huenda asikute kitu.

Pamoja na hilo waandike:

powercfg /batteryreport

Kompyuta itatengeneza ukurasa na kuonyesha umewekwa wapi. Humo mna uwezo wa betri ulipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilizaliwa na 48,000 na sasa hujaa kwa 20,000, imebaki na sehemu pungufu ya nusu, karibu asilimia 42, na hakuna mpango wa umeme utakaoifanya imalize filamu mbili. Tungependa ukurasa huu utolewe siku ya mauzo, utiwe saini na pande zote mbili na kuambatanishwa na risiti. Ni karatasi moja tu.

Wakishindwa kuelewana, waje kituoni na kompyuta, chaja iliyouzwa pamoja nayo, risiti, ripoti ya betri, na ile mistari ya daftari ikiwa imehifadhiwa katika faili au kupigwa picha kwa simu. Wasiifute wala kuweka Windows upya kabla ya kufika, kwa kuwa kufanya hivyo ni kufuta daftari. Na kama betri imevimba hadi kifuniko kimeinuka, wasiichaji wala kuitoboa wala kuja nayo ndani ya basi lililojaa watu. Waizime, waiweke mahali pasipo na vitu vya kuungua, na wamwite fundi aitoe.